Aliyemsamehe Amin Bila Kuombwa

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo; kama uko garini, ongeza sauti. Leo tunazungumza juu ya msamaha, na sitaanza na mahubiri. Nitaanza na taarifa ya habari.

Tarehe 17 Februari 1977, Redio Uganda ilitangaza kwamba Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana nchini humo, amefariki dunia kwa ajali ya gari. Waliokufa pamoja naye ni mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilieleza kwamba watatu hao walikuwa chini ya ulinzi, wakajaribu kumzidi nguvu dereva njiani, na ndipo gari likapata ajali. Waganda wengi waliisikia taarifa hiyo, na wengi hawakuiamini hata kidogo.

Walikuwa na sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari, askari walikuwa wameivamia nyumba ya askofu mkuu kule Namirembe, wakaipekua wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wenzake wakamwandikia Rais Idi Amin barua, wakalalamikia uvamizi ule na mauaji ya raia yaliyokuwa yakiendelea nchini. Tarehe 16 wakaitwa Kampala. Wakasimamishwa mbele ya silaha zilizopangwa hadharani, ukasomwa waraka wa kumshtaki askofu mkuu kwamba anashiriki njama za kuipindua serikali. Baadaye wakaambiwa warudi makwao, isipokuwa Luwum. Yeye akabakizwa, na wenzake hawakumwona tena akiwa hai. Mwili wake ulipelekwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini mwa Uganda, na waliomzika waliona matundu ya risasi. Namirembe, ambako kaburi lilikuwa limeshachimbwa kumsubiri, maelfu walikuja Jumapili iliyofuata wakasali pembeni ya kaburi lisilo na mtu.

Mmoja wa maaskofu waliosimamishwa siku ile mbele ya silaha ni Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Huyo ndiye ninayetaka tufuatane naye jioni hii. Wako wasikilizaji wa Tanzania ambao jina hilo si geni kwao. Miaka ya 1940 na 1950 Festo na mkewe Mera waliishi Dodoma, yeye akiwa mwalimu. Na mwaka 1960, mhubiri wa Marekani Billy Graham alipofika Moshi, mtu aliyesimama kando yake jukwaani akiyageuza maneno yake kuwa Kiswahili alikuwa huyu huyu Festo.

Siku chache baada ya kifo cha Luwum, Festo alipata habari kwamba sasa anatafutwa yeye. Marafiki wakamsihi asilale nyumbani. Usiku, yeye na Mera wakatoka Kabale kwa gari hadi mahali gari lisipoweza kuendelea, kisha wakashika njia ya milimani kwa miguu, gizani, watu wazima wenye umri wa kuitwa babu na bibi, wakaingia Rwanda kulipokucha. Nyuma yao waliacha nyumba, waumini, na rafiki aliyeuawa. Mbele yao kulikuwa na ukimbizi usiojulikana mwisho wake.

Sasa jiulize, ndugu yangu: mtu aliyetendewa hayo anabeba nini moyoni? Festo mwenyewe alieleza baadaye, wala hakuficha. Alisema uchungu ulianza kumea ndani yake na chuki dhidi ya Amin ikazidi kukua. Alikuwa bado anasali na anahubiri. Watu walimwona askofu mkimbizi, shujaa wa imani, lakini yeye alijua kwamba ndani anakauka. Alikuwa amevuka mpaka wa Uganda, akawa salama mikononi mwa watu wema, na bado Amin alikuwa anaongoza mawazo yake asubuhi na jioni.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo iliangukia tarehe 8 Aprili, wiki saba na siku mbili baada ya Luwum kuuawa. Festo alikuwa London, katika ibada ya kanisa la All Souls, lililo jirani kabisa na jumba la utangazaji la BBC. Ikasomwa habari ya Yesu msalabani, pale anapomwomba Baba awasamehe wale wanaomsulubisha. Festo alikuwa ameyahubiri maneno hayo maisha yake yote. Siku hiyo yakamgeukia. Alisikia moyoni kama anaulizwa: Je, kama Amin angekuwa mmoja wa askari wale wenye nyundo na misumari, Yesu angemruka katika ile sala? Angesema, wasamehe hawa wote, ila yule Amin hapana?

Jibu alilijua. Akainama pale pale, akaomba neema ya kumsamehe Idi Amin. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake kifupi, na jina la kitabu liliwashtua watu wengi, wakiwemo Wakristo wenzake: I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin.

Msikilizaji, naomba tusiliharakishe jambo hili, maana ni rahisi kuitikia amina kisha tukaendelea na shughuli zetu. Angalia kwanza kitu ambacho hakikutokea. Amin hakuomba radhi. Hakutuma mjumbe wala barua. Alikuwa bado Ikulu, na watu walikuwa bado wanapotea. Kwa maneno mengine, hakuna chochote upande wa mkosaji kilichobadilika siku ile London. Kilichobadilika ni mtu mmoja aliyekaa kwenye benchi la kanisa, maelfu ya kilometa kutoka Kampala. Na hapo ndipo penye hoja yangu ya leo: katika imani ya Kikristo, uhuru wa aliyekosewa haukai mfukoni mwa aliyemkosea. Festo asingeweza kuwa huru kamwe kama ufunguo ungekuwa kwa Amin.

Basi ufunguo uko wapi? Twende kwenye Injili ya Mathayo, sura ya 18. Petro anamwendea Yesu na swali la mtu mwenye hesabu: ndugu yangu akinikosea nimsamehe mara ngapi, nifike hata mara saba? Petro alidhani ametaja idadi ya ukarimu. Yesu anampa idadi ya kumchosha mtu kuhesabu, saba mara sabini, kisha anamsimulia kisa cha mtumishi wa mfalme aliyekuwa na deni la talanta 10,000.

Sisi tunalisikia neno talanta tunapita tu. Tukae hapo kidogo tupige hesabu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Kwa hiyo talanta 10,000 ni dinari milioni 60, yaani siku milioni 60 za kibarua. Ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, bila kula wala kuvaa kutokana na ujira wako, deni hilo utalimaliza baada ya miaka 200,000. Na bado mtumishi yule anapiga magoti na kumwambia mfalme, nivumilie nami nitakulipa yote! Ni maneno ya mtu asiyejua hali yake. Mfalme hampi muda zaidi. Anamfutia deni lote.

Mtumishi anatoka nje, anakutana na mwenzake aliyekopa kwake dinari 100. Wahubiri wengi wakifika hapa husema kideni hiki kilikuwa si kitu. Mimi nasema hapana. Dinari 100 ni vibarua vya siku 100, zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Mwambie mbeba mizigo wa Kariakoo kwamba mapato ya miezi mitatu si kitu, uone atakavyokutazama. Yesu hakudharau deni la yule mwenzake. Ulichofanyiwa ni kweli umefanyiwa, na kina uzito wake: mahari iliyoliwa na ndoa isifungwe, shamba lililoporwa wakati wa mirathi, mtoto aliyeharibiwa, jina lililochafuliwa kanisani. Injili haisemi ni kidogo. Inasema kiweke kando ya kile ulichofutiwa wewe, ndipo ukitazame.

Mwisho wa kisa unajulikana. Mtumishi anamkaba mwenzake koo, anamtupa gerezani, na mfalme anaposikia anamtia yeye mwenyewe mikononi mwa watesaji. Watu huona hapo hasira ya mfalme tu. Lakini tazama maisha ya kawaida. Askari jela anayemlinda mfungwa asitoroke hulazimika kukesha palepale gerezani. Mfungwa akiwa ndani, naye hawezi kwenda mbali. Aliyemfunga mwenzake moyoni amejipa kazi ya zamu ya usiku isiyo na likizo. Anakumbuka tarehe, anakumbuka nguo mkosaji alizovaa, anarudia maneno yaliyosemwa, anatunga majibu aliyopaswa kuyatoa siku ile. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Ni kweli, na huo ndio ukatili wa pili: yule amelala usingizi, wewe uko macho unamlinda.

Kwa hiyo ufunguo tuliokuwa tunautafuta uko kwa mfalme aliyefuta deni la kwanza. Mkristo hasamehe kwa sababu ana moyo mpana kuliko watu wengine, wala kwa sababu mkosaji amestahili. Anasamehe kutokana na alichopokea. Ndiyo maana Festo hakupata nguvu kwa kumfikiria Amin na kumtafutia visingizio. Aliipata alipojiona na yeye yumo katika ile sala ya msalabani, katika kundi moja na askari wenye nyundo.

Najua kuna mtu anasema: Mtangazaji, unasema vizuri, lakini mimi mwenzangu hajaniomba msamaha. Na katika Luka sura ya 17 Yesu anasema ndugu akikosa aonywe, na akitubu asamehewe. Si lazima atubu kwanza?

Ni swali zuri, na tuligawanye. Kuna msamaha, na kuna kupatana. Kupatana ni kwa watu wawili: mmoja anaungama, mwingine anapokea, kisha wanaanza kujenga upya. Hapo toba ya mkosaji ni lazima, na bila toba hakuna mapatano ya kweli, kuna maigizo tu ya kupeana mikono mbele ya mchungaji. Lakini msamaha unaanza kabla ya hapo, ndani ya mtu mmoja, mbele za Mungu. Yesu msalabani hakungoja askari watubu. Stefano, mawe yakimpiga, hakungoja waliomponda waombe radhi. Waliuandaa msamaha, wakauweka mahali ambapo mkosaji akija ataukuta. Kijana aliyekuwa analinda nguo za waliomuua Stefano, Sauli wa Tarso, alikuja kuukuta baadaye, naye akawa mtume Paulo.

Kuna hoja nyingine, nzito zaidi. Je, kusamehe si kumwacha mhalifu apete?

Turudi kwa Festo. Alimsamehe Amin, lakini hakurudi Kabale kulala mlango wazi. Alibaki uhamishoni. Aliendelea kuzunguka nchi mbalimbali akieleza dunia kinachotendeka Uganda, na akawahangaikia wakimbizi wenzake. Hakuomba watu wanyamaze kwa kuwa yeye ameshasamehe. Alirudi mwaka 1979, baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kumwondoa Amin madarakani mwezi Aprili. Unaona? Msamaha haukumziba mdomo. Ulimsafisha mdomo. Kabla ya Ijumaa Kuu ile, angesema ukweli kwa kutaka kisasi. Baada yake, aliusema ukweli huo huo kwa kuwahurumia watu wanaokufa. Msikilizaji wake angeweza kusikia tofauti.

Paulo naye, katika barua yake kwa Warumi, sura ya 12, anawaambia waumini wasijilipizie kisasi, wamwachie Mungu nafasi. Geuza ukurasa, sura ya 13, anazungumzia watawala wenye kazi ya kumwadhibu mtenda mabaya. Mwandishi ni yule yule na barua ni ile ile. Kumtoa mkosaji moyoni mwako si kumtoa mahakamani. Dada yangu unayepigwa na mumeo, kumsamehe hakukulazimishi kulala chini ya bati moja naye usiku wa leo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, andikisha maelezo yako, nenda hospitali ukatibiwe. Uwezo wa kumsamehe utakuja, na utakuja vizuri zaidi ukiwa mahali salama. Na kiongozi wa kanisa anayekuambia urudi tu nyumbani ukavumilie kwa kuwa Mkristo husamehe, huyo ameuchukua msamaha wa Kristo akaufanya kitambaa cha kufunikia uovu.

Tuna methali tunayoitumia vibaya hapa: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri ikisemwa na aliyeumizwa, siku akiwa tayari. Ikisemwa na aliyeumiza, inakuwa hila. Katika vikao vya ukoo nimeisikia mara nyingi sana ikitoka kinywani mwa upande ule uliokula shamba. Msamaha wa Kikristo hauruki yaliyopita. Unayataja kwa majina yake, kwa sababu huwezi kufuta deni ambalo hujakubali kwamba lipo.

Na tuongeze hili, kwa heshima kubwa. Festo alisamehe lililokuwa lake kusamehe: rafiki aliyepokonywa, nyumba aliyoikimbia, kundi aliloliacha. Hakuweza kusamehe kwa niaba ya mjane wa Luwum, wala kwa niaba ya familia za Kagera ambazo majeshi ya Amin yaliziingilia mwaka 1978. Msikilizaji wangu wa Kyaka au Bukoba unayekumbuka siku zile, sikuhubirii kutoka mbali kwamba nawe ulipaswa uwe umeshamaliza. Kila mtu ana daftari lake la madeni, na hakuna awezaye kulifunga kwa mkono wa mwenzake.

Sasa, watu husema, ah, Festo alikuwa askofu, mtu wa pekee. Mimi nadhani hatuhitaji kumpandisha mlimani hivyo. Tuulize alijifunzia wapi.

Festo aliokoka mwaka 1941, katika ule Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watu kama Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, Mwafrika na Mzungu, katika siku ambazo ukoloni ulikuwa umewawekea meza tofauti. Moto ule ukaenea Kigezi, Ankole, Bukoba, Burundi, Kenya, hadi Dodoma. Wazee wetu walioupitia waliitana ndugu, na walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni. Maana yake ilikuwa jambo la kutisha kidogo: kusimama mbele ya wenzako na kuungama dhambi yenyewe, si kusema tu kwamba sisi sote ni wenye dhambi. Aliyeiba alirudisha. Walikuwapo waliorudisha mali za waajiri na za majirani, vitu vilivyokuwa vimesahaulika kabisa. Zakayo alifanya hivyo katika Luka 19, na wao hawakuona sababu kwa nini jambo hilo libaki ndani ya kitabu.

Katika shule hiyo Festo alipewa mazoezi yake mapema. Baada ya kuokoka, alijikuta anadaiwa kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyemchukia. Akapanda baiskeli, akaenda safari ndefu, akamwambia ana kwa ana kwamba amemchukia na kwamba sasa anamwona ni ndugu. Kumbuka huo ni wakati wa ukoloni. Sababu za kumchukia Mzungu hazikuwa chache. Na alikuwa na kisa kingine alichopenda kukisimulia. Alikuwa amekwaruzana na mkewe, na muda wa kwenda kuhubiri ukawa umefika. Roho Mtakatifu akamsukuma arudi kwanza akapatane na Mera. Festo akajitetea kwamba anachelewa, atahubiri kwanza, mengine baadaye. Akasikia moyoni: vizuri, wewe nenda kahubiri, mimi nabaki hapa na mkeo. Ikabidi arudi.

Ukisikiliza visa hivyo viwili, ile Ijumaa Kuu ya London haikushangazi tena. Mtu aliyezoea kusema nisamehe kwa mkewe kabla ya kutoka mlangoni, miaka zaidi ya thelathini, alikuwa tayari ana njia moyoni mwake. Siku lilipokuja kosa kubwa kama Amin, lilikuta njia imeshalimwa. Sisi tunataka kuanza na Amin. Tunasubiri kosa kubwa ndipo tujaribu kusamehe, huku hatujaweza kumwachilia shemeji aliyetusema kwenye arusi.

Lakini nisikupe picha tamu kupita kiasi. Rwanda ile ile yenye Gahini, mwaka 1994, iliona mauaji ya kimbari, na mengine yalifanyika ndani ya makanisa. Ukienda Nyamata na Ntarama leo, makanisa hayo ni makumbusho ya waliouawa humo. Hilo linapaswa kutunyamazisha sisi tunaojivunia historia ya uamsho. Babu aliungama na kurudisha mali. Mjukuu akarithi nyimbo tu. Msamaha haurithiwi kama kitanda. Kila kizazi hutakiwa kuanza upya, kuungama upya. Na baada ya mauaji yale, Wanyarwanda hawakuambiwa wapeane mikono na kusahau. Mahakama za Gacaca zilikaa vijijini hadi mwaka 2012, watu wakakaa chini wakasimuliana nani aliuawa wapi na nani, na aliyeungama alipunguziwa adhabu, hakufutiwa. Walionusurika wengi walitaka kwanza kujua mifupa ya wapendwa wao iko wapi. Ukweli ulitangulia, na kila msamaha uliotolewa pale ulisimama juu yake.

Basi tushuke kwenye jambo la mimi na wewe. Mtu ameniuliza: nianzie wapi?

Anza kwa kulitaja kosa. Usiseme aliniudhi kidogo kama alikutapeli. Mwambie Mungu kwa lugha yako ya nyumbani, kwa hasira yako yote. Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu bila kupamba maneno, na hakuna aliyefukuzwa hekaluni kwa ajili hiyo. Kisha umwombe akuonyeshe deni lako mwenyewe, lile la talanta 10,000. Ukiruka hatua hii, msamaha wako utakuwa wa mtu aliye juu kumhurumia aliye chini, na huo haumpi uhuru mtoaji wala mpokeaji.

Halafu sema kwa kinywa chako kwamba umemsamehe, ukimtaja jina, hata kama moyo bado unakataa. Zungumza na mtu mmoja anayeweza kutunza siri: ndugu katika imani, mchungaji, padri kama wewe ni wa kitubio. Wazee wa uamsho walijua kwamba jambo likiwekwa nuruni linapungua nguvu. Ila chagua mtu, usichague mkutano. Tumewaona wanaosimama kwenye ushuhuda na kusema, Bwana asifiwe, leo nimemsamehe mama mkwe wangu, halafu wanasimulia yote aliyofanya mama mkwe tangu siku ya posa, kwa kipaza sauti, na mama mwenyewe amekaa benchi la tatu. Hiyo ni hukumu iliyovaa joho la kwaya.

Na ukiamka kesho ukakuta hasira imerudi, usidhani uliigiza. Saba mara sabini si lazima iwe kwa makosa mengi. Kosa moja kubwa linaweza kukurudia mara zote hizo, asubuhi, njiani, usiku wa manane, na kila likirudi unalipeleka pale pale ulipolipeleka jana. Siku moja utagundua kwamba umepita mbele ya duka lake bila kugeuza shingo, ukanunua ulichokwenda kununua, ukarudi nyumbani ukapika. Hapo kuna uhuru, hata kama hakuna tarumbeta iliyopigwa.

Nimalizie na tarehe mbili, msikilizaji. Festo Kivengere alikufa mwezi Mei 1988. Tangu ile Ijumaa Kuu alikuwa amepata miaka kumi na moja ya kuhubiri, kurudi kwao, kusaidia nchi iliyovunjika, na kulea kanisa lake. Idi Amin alikufa mwezi Agosti 2003, uhamishoni Jeddah, Saudi Arabia. Hakuna mahakama iliyomhukumu, na Festo hakuwahi kuombwa radhi naye. Fanya hesabu ya mwisho. Kama Festo angeamua kungoja neno moja la toba kutoka kwa Amin ndipo aanze kuishi, angekufa anangoja, na miaka kumi na mitano baada ya yeye kuzikwa neno hilo lingekuwa bado halijasemwa.

Huyo unayemngoja wewe, pengine naye hatakuja. Pengine ameshakufa. Pengine hakumbuki hata kidogo. Mungu hakukuambia umngoje. Amekupa ruhusa ya kuondoka leo, na gharama yake imeshalipwa na mwingine.